Difu haina taa ya kuonya: Oili inayosahauliwa katika safari za kuvuka mipaka

DEREVA anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali ana kilomita zipatazo 1,500 mbele yake. Kabla ya kuondoka hupima oili ya injini kwa kijiti, huangalia maji ya rejeta, huhakikisha tairi zina upepo na hukagua karatasi za mpakani. Ni nadra kumkuta amejilaza chini ya gari akifungua bolti ya difu.

Hilo halitokani na uvivu peke yake. Injini ina kijiti cha kupimia, na oili yake ikipungua sana taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Breki nazo zina taa, betri ina taa, hata mlango ulioachwa wazi una taa yake. Katika magari mengi yanayotembea Afrika Mashariki, difu haina kijiti, haina geji wala taa. Oili yake inaweza kuvuja tone kwa tone mwaka mzima na gari likaendelea kwenda. Siku inapoanza kulia, mara nyingi meno yake yameshalika.

Kwa gari la mjini, hasara huishia kwenye kuvutwa hadi gereji ya karibu. Kwa gari la biashara linalovuka mipaka, hesabu ni nyingine. Haisi iliyokufa difu karibu na Rusumo, Malaba au Gatuna ina abiria wa kuhamishwa, mzigo wa kulindwa usiku na nyanya zinazoharibika. Vipuri hutafutwa kwa fedha ya nchi nyingine, na fundi ni mtu ambaye dereva hajawahi kumwona. Oili yote iliyohitajika kuepuka hayo ni lita mbili au tatu. Kuipima huchukua muda usiozidi nusu saa.

Kazi inayofanyika humo ndani

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, kati ya magurudumu mawili. Linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja.

Kwanza, linageuza mwelekeo wa nguvu. Shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, ambayo mafundi huiita propela, huzunguka ikiwa imelala kufuata urefu wa gari. Magurudumu yanahitaji nguvu hiyo ikate kushoto na kulia. Gia ndogo iliyo mwisho wa propela, pinioni, husukuma gia kubwa ya duara iitwayo krauni, na nguvu hugeuka kona.

Pili, linapunguza mwendo na kuongeza nguvu. Katika magari mengi ya aina ya Haisi na pikapu, propela huzunguka takribani mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndiyo maana gari lenye mzigo linaweza kupanda mlima.

Tatu, na hapo ndipo lilipopata jina lake, linaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Gari linapokata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa, tairi zingekwisha haraka na gari lingekuwa gumu kugeuka. Fundi wa saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya mfumo wa namna hii katika miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke, miongo mingi kabla ya gari la petroli.

Tangu miaka ya 1920, watengenezaji wengi wameishusha pinioni chini kidogo ya kitovu cha krauni. Hatua hiyo ilishusha propela na kuifanya sakafu ya gari kuwa chini zaidi. Lakini ilileta jambo jingine: meno ya gia hizo mbili yanapokutana hayabingiriki tu, yanateleza na kusuguana kwa shinikizo kubwa mno. Oili ya kawaida hubanwa ikatoka katikati ya meno, chuma kikagusa chuma. Kwa hiyo difu ilihitaji oili yake yenyewe, yenye viungo vya kemikali vinavyotengeneza utando mwembamba juu ya chuma hata oili inapobanwa. Viungo hivyo vina salfa na fosforasi, ndiyo sababu oili ya difu hunuka harufu kali inayokaa mikononi hata baada ya sabuni.

Gari lipi lina difu ya nyuma

Si kila gari lina difu ya kufunguliwa nyuma. Magari madogo mengi yanayoingia kutoka Japani kama Vitz, IST, Passo, Premio na Fielder za kawaida huvuta kwa magurudumu ya mbele. Difu yao imo ndani ya giaboksi, na mara nyingi hutumia oili hiyo hiyo ya giaboksi. Mwenye gari la namna hiyo hana la kutafuta nyuma, isipokuwa kama gari lake ni toleo la kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Hapo ndipo wengi hupotea. Probox ya kawaida haina difu nyuma, lakini Probox ya foo-wili inayo. Vivyo hivyo kwa RAV4 na X-Trail. Subaru Forester inayo. Mtu anaweza kununua gari kama hilo, akabadilisha oili ya injini kwa miaka minne, bila kujua kwamba nyuma kuna chombo kingine kinachosubiri zamu yake.

Haisi, Hilux, Mark X, Crown na Noah za kizazi cha kwanza cha miaka ya 1990 husukumwa kwa magurudumu ya nyuma, na zote zina difu huko. Land Cruiser ina difu mbele na nyuma, na katikati kuna giaboksi ndogo ya kugawa nguvu yenye oili yake. Kichwa cha lori chenye ekseli mbili za kusukuma kina difu kwa kila ekseli, pamoja na difu ndogo ya kugawa nguvu kati ya ekseli hizo. Ekseli moja ya lori inaweza kubeba zaidi ya lita 10 za oili, na katika barabara za Jumuiya lori zima na mzigo wake linaruhusiwa kufika tani 56. Uzito huo wote, likiwa linapanda, husukumwa na meno machache yaliyoshikana ndani ya bonge hilo.

Namba zisizobadilika mpakani

Fundi wa Arusha, wa Eldoret na wa Mbarara wote wataelewa neno difu. Akivuka kuingia Bujumbura, Goma au Bukavu, dereva atakutana na mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa. Kwao ekseli ya nyuma pamoja na difu yake ni “pont”, na oili yake ni “huile de pont”. Dereva anayelijua neno hilo moja ameshapunguza nusu ya mabishano.

Maandishi ya kwenye kopo, hata hivyo, hayabadiliki. Kuna mambo mawili ya kusoma.

La kwanza ni daraja. Difu nyingi za nyuma huhitaji GL-5. Herufi hizo na namba hueleza uwezo wa oili kuvumilia meno yanayobanana na kuteleza. GL-4 ina viungo vichache zaidi na imekusudiwa giaboksi nyingi za kawaida. Ukiitia kwenye difu ya krauni na pinioni, kinga haitoshi. Kinyume chake nacho kina madhara: baadhi ya oili za GL-5 hula polepole vipete vya shaba vilivyo ndani ya giaboksi za mkono. Kwa hiyo kopo moja la kumalizia kazi kote, giaboksi na difu, si akiba mpaka kitabu cha gari kiseme hivyo.

La pili ni uzito wa oili. Kopo likiandikwa 80W-90, namba ya kwanza pamoja na W hueleza tabia ya oili kwenye baridi, na ya pili hueleza unene wake ikiwa ya moto. Magari mengi ya nyuma hutumia 75W-90 au 80W-90. Baadhi ya magari yanayobeba mizigo mizito kwenye joto huelekezwa 85W-140, ambayo ni nene zaidi. Jibu sahihi limo kwenye kitabu cha gari, si kwenye mazoea ya gereji.

Kuna difu za aina ya tatu zinazohitaji uangalifu. Hizi zina sahani ndani yake zinazozuia gurudumu moja lisizunguke bure kwenye tope. Magari mengi yenye difu hiyo huwa na kibandiko cha herufi LSD kwenye ekseli au karibu na bolti ya kujazia. Zinahitaji oili iliyoandikwa LSD, au kiungo maalumu cha kuongezwa. Zikiwekewa oili ya kawaida, hutetemeka na kugugumia kila gari linapokata kona, na mwenye gari huanza kubadilisha vitu visivyo na kosa.

Namna ya kupima

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Inahitaji spana inayokaa sawasawa, beseni, kitambaa, pampu ndogo ya mkono au chupa yenye mpira mrefu, washa mpya za bolti, na uwanja uliolala sawa.

Uwanja ni muhimu. Gari likiinama mbele au nyuma, oili huinama nayo na kipimo hudanganya. Haisi na pikapu ziko juu vya kutosha mtu kuingia chini bila jeki. Gari lisimame, injini izimwe, hendibreki ivutwe, gia iwekwe na magurudumu yazuiwe kwa vigingi. Gari la chini linalolazimika kunyanyuliwa linyanyuliwe mbele na nyuma kwa usawa, likae juu ya stendi imara. Kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, au na matofali, ni kuweka uhai rehani kwa ajili ya lita tatu za oili.

Difu ina bolti mbili. Moja iko ubavuni, katikati au juu kidogo: hiyo ni ya kujazia na kupimia. Nyingine iko chini kabisa: hiyo ni ya kumwagia. Kwenye Toyota nyingi kichwa chake huhitaji spana ya namba 24, au ufunguo wa pembe sita wa milimita 10 unaoingia ndani ya bolti. Kabla ya kufungua, udongo na mafuta yaliyoganda kuizunguka husuguliwa kwa brashi. Mchanga ukiingia humo hautoki, utazunguka na meno.

Mafundi wazoefu wana sheria moja wasiyoivunja: bolti ya kujazia hufunguliwa kwanza. Bolti hizo hukaa miaka bila kuguswa, zikashika kutu, na kichwa kikavuliwa na spana mbovu. Mtu akimwaga oili ya zamani kwanza, kisha akakuta bolti ya kujazia haifunguki, amebaki na gari lisilo na oili ambalo haliwezi kwenda hata kwa fundi wa jirani.

Bolti ya juu ikitoka, kipimo ni kidole. Oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu, au isipungue zaidi ya milimita chache chini yake. Ikichuruzika kidogo tu na kukoma, imejaa. Kidole kikiingia, kikapinda kuelekea chini na kurudi kikavu, oili imepungua na kuna mahali inapotokea. Gari likiwa limetoka safari, hupewa dakika kadhaa oili itulie, na tahadhari ichukuliwe kwa sababu oili ya difu iliyotoka mlimani inaweza kuunguza.

Kuongeza ni rahisi. Oili ya daraja lile lile husukumwa kwa pampu kupitia tundu la juu mpaka ianze kurudi nje. Hakuna faida ya kupitiliza. Difu iliyojazwa kupita kiasi hutengeneza povu, hupata joto, na husukuma oili kupitia kwenye sili.

Kubadilisha yote

Wakati wa kubadilisha, gari huendeshwa kwanza dakika 10 hadi 15 ili oili ipate joto na kuwa nyepesi. Bolti ya juu hufunguliwa, kisha ya chini, na oili huachwa itiririke mpaka ibaki matone.

Hapo fundi mzuri hatupi macho pembeni, kwa sababu oili hiyo ni ripoti. Ikiwa ya kahawia iliyokolea lakini bado inang’aa, imezeeka kwa kazi ya kawaida. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, imewahi kuchemka, pengine kwa mzigo uliozidi au kwa kupungua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikimeta kama iliyotiwa vumbi la fedha, beringi au meno yanalika.

Bolti ya kumwagia kwenye magari mengi ina sumaku. Uji laini wa kijivu ulioshika kwenye sumaku ni jambo la kawaida, maana chuma husagika kidogo kidogo kwa maelfu ya kilomita. Unafutwa na kazi inaendelea. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, vyenye kona au umbo la jino, ni habari nyingine. Gari hilo lisianze safari ndefu kabla difu haijafunguliwa.

Bolti ya chini hurudishwa na washa mpya, oili mpya hupandishwa mpaka ukingo wa tundu, na bolti ya juu hufungwa. Hukazwa kwa nguvu inayotajwa na kitabu, si kwa kuning’inia kwenye bomba, kwa sababu nyumba ya difu nyingine ni ya aluminiamu na nyuzi zake hukatika. Baada ya mwendo mfupi, mtu hurudi chini kuangalia kama kuna unyevu.

Oili chafu ina mahali pake. Imezoeleka kumwagwa kwenye mtaro au kupakwa kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Mitaro ya miji mingi ya ukanda huu hushuka mtoni, na mito hushuka kwenye maziwa ya Victoria, Tanganyika na Kivu, ambako watu huvua na kuchota maji. Dumu lenye mfuniko na gereji inayokusanya oili ya zamani linatosha.

Maji, tope na tundu dogo la kupumulia

Juu ya ekseli kuna kitu kidogo kama kofia ya chuma, au mpira mwembamba unaopanda kuelekea bodi. Hicho ndicho kipumulio cha difu. Mwendo ukipasha difu joto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Difu ikipoa, hewa hurudi.

Kipumulio kikizibwa na tope, hewa haina pa kutokea. Hutafuta mlango mwingine, nao ni sili za mwisho wa ekseli na ile ya pinioni. Oili huanza kuvuja ingawa sili bado ni nzima. Fundi asiyeangalia juu hubadilisha sili mara mbili, mara tatu, na uvujaji unarudi. Kusafisha kipumulio ni kazi ya dakika tano.

Maji ya mafuriko huleta hatari ya pili. Wakati wa masika, gari lililotembea kwa saa mbili huwa na difu ya moto. Linapotumbukia kwenye maji yanayofika ekseli, kama yanayojaa mara kwa mara pale Jangwani jijini Dar es Salaam, chuma hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kama kipumulio kiko chini ya maji au sili imechoka, kinachovutwa ni maji. Gari litatoka upande wa pili likiwa zima, na dereva atashukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye kutu imeanza kwenye beringi. Kwa hiyo gari lililovuka maji yaliyofunika ekseli linastahili kufunguliwa bolti ya juu mapema, bila kusubiri kilomita zitimie.

Oili inapofika kwenye breki

Ubaya wa difu inayovuja hauishii kwenye difu. Kwenye magari mengi ya kazi, sili ya mwisho wa ekseli iko sentimita chache tu kutoka kwenye dramu ya breki. Sili hiyo ikichoka, oili hupita na kulowanisha lainingi. Lainingi iliyolowa haishiki, au hushika upande mmoja na kulivuta gari.

Kwenye tambarare dereva anaweza asitambue. Lakini njia za ukanda huu si tambarare. Kuna mteremko wa Sekenke mkoani Singida, kuna Kitonga mkoani Iringa, kuna Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na kuna ule unaoshuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura pembezoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko gari lenye mzigo hutegemea kila breki iliyonayo. Michirizi ya oili upande wa ndani wa tairi la nyuma ni sababu tosha ya kuahirisha safari. Lainingi zilizolowa oili hubadilishwa. Kuzikausha kwa petroli na kuzirudisha hakurejeshi uwezo wake.

Sauti na ujanja wa wauzaji

Difu inayochoka huimba kabla ya kufa. Mlio mwembamba unaopanda dereva anapokanyaga mafuta na kubadilika anapoachia ni dalili ya krauni na pinioni. Mngurumo usiokoma unaweza kuwa beringi. Kishindo cha “tak” gari linapoondoka kinaweza kuwa nafasi iliyoongezeka kati ya meno, au maungio ya propela. Njia rahisi ya kutofautisha na tairi ni kupita kwenye lami ya aina mbili: sauti ya tairi hubadilika na barabara, ya difu hubaki ile ile.

Anayenunua gari lililotumika ana sababu zaidi ya kufungua bolti hiyo. Ujanja wa zamani unaojulikana gereji za dunia nzima ni kujaza difu grisi, maranda ya mbao au hata maganda ya ndizi ili mlio utulie siku ya mauzo. Mnunuzi husikia gari kimya, hulipa, na baada ya siku chache kelele hurudi. Kidole kikiingia kwenye tundu na kutoka na kitu kizito kisichotiririka, bei izungumzwe upya au mtu aende zake.

Mwenye difu iliyokufa huishia kutafuta nyingine iliyotumika, Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala au Gatsata jijini Kigali. Hapo kuna mtego wa mwisho. Difu za gari la aina moja huweza kuwa na idadi tofauti ya meno, na kwa gari la foo-wili, ya nyuma isiyolingana na ya mbele huharibu mfumo mzima. Namba ya difu huandikwa kwenye kibati cha utambulisho cha gari. Inafaa kuinakili kabla ya kwenda sokoni.

Ratiba ya gari la kazi

Vitabu vingi vya magari hutaja kubadilisha oili ya difu kati ya kilomita 40,000 na 80,000, na hueleza kwamba gari linalobeba mzigo mzito, kuvuta tela, kupita vumbi au maji lifanyiwe mapema zaidi, mara nyingi kwa nusu ya umbali huo. Haisi na pikapu nyingi za njia za mpakani ziko kwenye kundi hilo la pili. Kupima kiwango kunaweza kwenda pamoja na kila badiliko la oili ya injini, maana gari liko tayari kwenye shimo na fundi yuko chini yake.

Tatizo la magari ya biashara ni kwamba hubadilisha madereva. Wa leo hajui wa jana alifanya nini, na tajiri yuko mbali. Baadhi ya wenye magari wamelimaliza hilo kwa daftari la shilingi chache linalokaa kwenye droo ya dashibodi: tarehe, kilomita, daraja la oili iliyowekwa, na mji ilipowekwa. Fundi wa Kahama akiandika “difu, 80W-90 GL-5”, fundi wa Kigali ataisoma bila mkalimani, na dereva atakayelichukua gari hilo mwezi ujao atajua zimebaki kilomita ngapi.